Waranti Ikikataliwa: Maswali Yenu Kuhusu Friji, Mashine za Kufulia na Runinga

Barua za toleo hili karibu zote zinalalamikia jambo moja: kifaa kimeharibika, waranti haijaisha, na duka limekataa. Sababu zinazotolewa kaunta ni zilezile kila mwezi: umeme, maji, joto, kibandiko kilichochanika, risiti isiyosomeka. Nyingine ni za kweli na nyingine ni za kumfukuza mteja. Kabla ya kubishana na mtu yeyote, omba karatasi yenye mambo matatu: kipuri gani kimekufa, kimekufa kwa nini, na kifungu gani cha waranti kinachokunyima haki. Fundi anayejua alichokiona huandika hayo kwa dakika tano. Asiyejua hukuambia meneja hayupo.

Swali: Habari za kazi, mafundi wetu. Friji yetu ina miezi saba na waranti yake ni ya mwaka mmoja. Imeacha kugandisha. Taa ya ndani inawaka vizuri lakini kompresa haiungurumi kabisa. Duka lilimtuma fundi, akaangalia nyuma, akasema umeme mkubwa umeua bodi na waranti haihusiki. Hakuna kifaa kingine kilichoungua hapa nyumbani. Tuna haki au tumekwisha?

Jibu: Hamjakwisha, na hiyo taa inayowaka ni ushahidi wenu wa kwanza.

Friji nyingi za sasa zina taa za LED zinazopata volti 12 kutoka kwenye bodi hiyohiyo inayosemwa imekufa. Taa ikiwaka, sehemu ya bodi inayopokea umeme wa ukutani na kuupunguza bado ni nzima. Hilo halimalizi hoja, kwa sababu sehemu inayoendesha kompresa ya inveta (ile inayobadilisha kasi yake kulingana na haja) ina njia yake ya volti kubwa na inaweza kuungua peke yake. Ila linatosha kumfanya fundi aeleze alichopima badala ya kutoa hukumu kwa kuangalia.

Umeme mkubwa ukiingia ghafla huacha alama. Mwanzoni mwa bodi kuna fyuzi, na baada yake kuna varista, kidonge bapa chenye miguu miwili, mara nyingi cha bluu. Kwenye bodi za 230 V utakuta nyingi zimeandikwa 471 au 431. Kazi ya varista ni kujitoa kafara: umeme ukipanda kupita kiasi inaumeza, inapata moto, inapasuka au kuungua, na fyuzi inakatika. Kioo cha fyuzi iliyokatika kwa shoti kubwa huwa cheusi au cha kijivu kinachong'aa ndani. Pembeni ya varista iliyopasuka kuna masizi. Kwa hiyo omba picha ya sehemu hiyo. Kama fyuzi ni nzima na varista haina hata ufa, hadithi ya umeme mkubwa inayumba.

Bodi zina njia nyingine za kufa ambazo hazimhusu mteja wala kampuni ya umeme. Risasi ya kulehemu hupata ufa chini ya rilei, swichi inayowashwa na umeme, kwa sababu ya kupata joto na kupoa kila siku. Kapasita dhaifu huvimba kichwani. Unyevu hupita kwenye kifuniko kisichofungwa vizuri na kuacha kutu ya kijani kwenye njia za shaba. Yote hayo, kifaa kikiwa na miezi saba, ni kasoro za utengenezaji.

Umeme mdogo ni suala tofauti. Hauachi masizi. Kompresa ya kawaida ikipata umeme mdogo hujaribu kuwaka, inanguruma sekunde chache, kisha kinga ya joto inakata kwa mlio wa "tik", na baada ya dakika kadhaa inarudia. Mwezi mzima wa hali hiyo unaweza kuunguza koili. Kompresa ya inveta kwa kawaida hujizima yenyewe na kutoa alama kwa kumwekamweka taa ndogo kwenye bodi. Hesabu mimweko hiyo, irekodi kwa simu, na umpe fundi. Kila idadi ina maana yake kwenye mwongozo wa huduma wa mtengenezaji: nyingine inataja umeme, nyingine inataja kompresa yenyewe.

Pima umeme wa soketi kwa multimita asubuhi na jioni, na uandike. Friji nyingi zimeandikwa 220–240 V nyuma yake. Mfumo wa 230 V wenye ruhusa ya asilimia 10 kila upande hutoka 207 V hadi 253 V. Vipimo vyako vikikaa humo, viambatanishe kwenye dai. Vikiteremka hadi 170 V kila jioni, ni afadhali ulijue hilo wewe kabla hawajalijua wao.

Mwisho, soma kijitabu kinasema nini kuhusu stebilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme. Kama kimeandika kwamba ni sharti na hukuwa nayo, duka lina hoja nzuri. Kama kimeandika "inashauriwa", hilo ni pendekezo tu, na dai haliwezi kufa kwa kutofuata pendekezo. Na hadi hapo mtakapopata maandishi, fundi wa duka asiondoke na bodi kabla hamjaipiga picha pande zote mbili. Bodi ikishaingia kwenye begi lake, haitarudi na masizi yaleyale.

Swali: Duka linaniambia niende kituo cha huduma cha mtengenezaji. Kituo kinasema kilichouzwa na duka kirudi dukani. Nimechoka. Nani hasa anawajibika?

Jibu: Wote wawili, kwa ahadi mbili tofauti, na wao wanafaidika unapozichanganya.

Ahadi ya kwanza ni ya muuzaji. Amechukua fedha yako, kwa hiyo katika sheria za nchi nyingi ana wajibu wa kukupa kitu kinachofanya kazi yake, awe amekupa kadi ya waranti au hakukupa. Ahadi ya pili ni waranti ya mtengenezaji, ambayo ameitoa kwa hiari yake na kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe. Hii ya pili haifuti ile ya kwanza.

Muda wa wajibu wa muuzaji unatofautiana sana. Katika Umoja wa Ulaya, muuzaji anawajibika kwa miaka 2 tangu kukabidhi bidhaa, na kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, hivyo ni yeye wa kuthibitisha vinginevyo. Uingereza, chini ya sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, mnunuzi ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kudai fedha zake zote. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2008 inatoa miezi 6 ya kuchagua kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Tafuta sheria ya kulinda walaji ya nchi uliyonunulia, na angalia mambo mawili tu humo: muda, na ni nani anayepaswa kuthibitisha.

Unapopigwa danadana, dawa ni barua moja inayokwenda kwa wote wawili siku hiyohiyo, kila mmoja akiona kwamba mwenzake ameipata. Iwe fupi hivi:

*Kwa Meneja,*
*YAH: DAI LA WARANTI, friji modeli …, namba ya mfululizo …*
*Nilinunua kifaa hicho dukani kwenu tarehe … kwa risiti namba …. Tarehe … kiliacha kugandisha. Fundi wenu alikikagua tarehe … na akasema kwa mdomo kwamba waranti haihusiki.*
*Naomba mnipe kwa maandishi kipuri kilichoharibika, vipimo vilivyochukuliwa na kifungu cha waranti mnachokitumia. Kama hakuna kifungu kinachohusika, naomba kifaa kitengenezwe au kibadilishwe bila malipo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitalipeleka dai kwa mamlaka ya kulinda walaji.*
*Naambatanisha nakala ya risiti, kadi ya waranti na picha. Nakala ya barua hii imepelekwa kwa ….*

Ukiipeleka kwa mkono, chukua nakala ya pili na wagonge muhuri wa kupokea. Ukiituma kwa barua pepe, usiifuatilie kwa kupiga simu tu. Kila simu uliyopiga iandikie ujumbe mfupi wa kuthibitisha kilichosemwa na nani alikisema. Usitaje hasira, usitaje mitandao ya kijamii, wala usitishie mahakama ambayo huna mpango wa kwenda. Barua yenye tarehe na namba inaogopwa zaidi.

Swali: Mashine yetu ya kufulia ya mlango wa mbele ina miezi minane. Ilitulia kwa miezi saba, sasa ikifika kukamua inanguruma kama ndege inayopaa. Fundi wa duka anasema hatukutoa bolti za usafirishaji, kwa hiyo tumeiharibu wenyewe. Walioileta ndio walioifunga.

Jibu: Bolti za usafirishaji ni ndefu, kwa kawaida 3 au 4, ziko mgongoni mwa mashine na kila moja ina bomba lake la plastiki. Zinashikilia tangi lisicheze kwenye gari. Mashine ikiwashwa nazo, springi na vizuia mtikisiko vinakuwa vimefungwa, kwa hiyo mtikisiko wote unahamia kwenye bati la nje: mashine inaruka, inatembea sakafuni, inagonga ukuta. Inafanya hivyo tangu kukamua kwa kwanza. Mashine iliyotulia kwa miezi saba kisha ikaanza kunguruma haikuwa na bolti hizo, na fundi yeyote wa mashine za kufulia analijua hilo.

Piga picha ya mgongo wa mashine sasa hivi. Kama matundu yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki na bolti mnazo kwenye mfuko, hoja yao imeishia hapo. Na kama bolti zingekuwa bado zimo, aliyefunga mashine ni mtu wa duka. Tafuta karatasi ya kupokelea mzigo: mara nyingi ina kisanduku cha "imefungwa na kujaribiwa" chenye saini yake.

Tatizo lenu, kwa maelezo mliyotoa, ni beringi. Hakikisheni hivi: chomoeni waya, fungueni mlango, zungusheni ngoma tupu kwa mkono. Beringi nzima haisikiki. Iliyokufa inakoroma na unaisikia hadi kwenye kiganja. Kisha shikeni ukingo wa juu wa ngoma, muinue na kushusha. Kucheza kidogo pamoja na tangi zima ni kawaida, kwa kuwa linaning'inia kwenye springi. Ngoma ikicheza peke yake ndani ya tangi, beringi imekwisha.

Beringi ya mashine ya kufulia huanza kufa kwa mpira wa kuzuia maji ulio mbele yake. Mpira ukivuja, maji yenye sabuni yanaosha grisi na kutu inaanza. Alama yake ni mchirizi wa kahawia nyuma ya tangi, chini ya puli. Mwombeni fundi afungue mfuniko wa nyuma mbele yenu na kupiga picha. Mchirizi huo kwenye mashine ya miezi minane unaonyesha mpira mbovu au uliofungwa vibaya kiwandani.

Wakishindwa kwa bolti watahamia kwenye uzito. Kilo zilizoandikwa mbele ya mashine ni za nguo kavu, na kwa programu ya pamba. Programu za nguo laini na za haraka zina kiwango kidogo zaidi kwenye kijitabu. Jibuni kwa kifupi kwamba mnafuata jedwali, na mrudi kwenye mchirizi.

Jambo la tahadhari kwa wenye mashine za namna hii: kabla ya fundi kuja kwa tatizo lolote la kutotoa maji, fungua kichujio cha pampu kilicho chini mbele, kwenye kijimlango kidogo. Kukisafisha ni kazi ya mwenye mashine kwa mujibu wa vijitabu karibu vyote. Sarafu, kibanio au waya wa sidiria ukikutwa humo na fundi wa duka, ataandika "kitu kigeni" na dai lako limekufa, hata kama pampu ilikuwa na kasoro yake.

Swali: Mashine mpya inachukua nusu saa kujaza maji, kisha inazima na kuonyesha hitilafu. Wanasema presha ya maji ni ndogo na wao haiwahusu. Nina tangi juu ya paa.

Jibu: Hapa duka huenda lina haki. Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye mdomo wa mashine hutoa presha ya takriban 0.01 MPa (megapaskali). Angalia kijitabu: kama kinataka angalau 0.05 MPa, unahitaji mita 5. Tangi lililo mita 3 juu ya mashine linatoa 0.03, na vali haitapitisha maji ya kutosha hata iwe mpya kiasi gani. Utahitaji kuinua tangi au kuweka pampu ndogo ya kuongeza presha.

Ila kwanza funga bomba, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, na chomoa kwa koleo kile kichujio kidogo cha wavu kilicho mdomoni. Mchanga wa tangi hukijaza ndani ya wiki chache. Tatizo likiwa ni hilo tu, umeokoa safari ya fundi.

Swali: Tangazo lilisema waranti ya miaka 10. Friji ina miaka minne, kompresa imekufa, na sasa natakiwa kulipia gesi, ufundi na usafiri. Huu si utapeli?

Jibu: Ni tangazo lenye herufi kubwa na kadi yenye herufi ndogo. Kwa kawaida miaka 10 ni ya kompresa peke yake, kama kipuri. Kifaa kizima kina mwaka mmoja au miwili. Soma kadi: ikisema "kompresa" tu, gharama nyingine ni zako. Ikisema "ukarabati wa kompresa" au "kompresa na ufundi", usilipe hata senti.

Ukilazimika kulipa, lipia kazi kamili. Kubadilisha kompresa kunadai kichujio kipya cha kukausha unyevu, kuvuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, na kupima gesi kwa mizani ya dijitali kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Ukiona R600a, jina la gesi ya kupoza ya friji nyingi za sasa, kiasi hicho ni gramu, kwa friji nyingi za nyumbani kati ya 30 na 80, kwa hiyo bili isiyotaja gramu ikataliwe. Fundi asipovuta vakyumu, unyevu unaobaki huganda kwenye mdomo wa kapilari, bomba jembamba la gesi, friji inagandisha siku chache kisha inakoma, na utaambiwa ni tatizo jipya lisilo na waranti. R600a pia inashika moto, hivyo mfumo lazima umwagwe kabisa kabla ya mtu kuwasha tochi ya kulehemu.

Mchezo mwingine ni kuambiwa kompresa ni nzima, gesi ndiyo imevuja, na gesi haimo kwenye waranti. Kompresa ya kawaida ina pini tatu. Waya ukichomolewa, upinzani kati ya jozi moja ni mdogo, jozi ya pili ni mkubwa kidogo, na jozi ya tatu ni jumla ya hizo mbili; kwa mfano ohmu 15, 20 na 35. Ya inveta jozi zote tatu zinalingana. Jozi iliyokatika kabisa, au pini yoyote inayosoma hadi kwenye bati la kompresa, ni kompresa mbovu bila ubishi. Kompresa inayosoma vizuri inaweza bado kuwa imekufa ndani kwa kushindwa kusukuma gesi, na hapo kinachohitajika ni kipimo cha presha ya gesi kwa geji. Waombe waandike namba hizo.

Swali: Friji inapoza usiku tu. Wanasema chumba chetu kina joto na hiyo siyo kasoro.

Jibu: Tazama kibandiko kilicho ndani, ubavuni, utafute herufi za daraja la hali ya hewa. N ni kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Chumba cha nyuzi 35 na friji ya N: wako sahihi, ingawa aliyewauzia friji hiyo mahali penye joto alipaswa kujua. Kama ni T, hoja yao haina miguu. Kwanza hakikisheni nyuma na juu ya friji kuna nafasi iliyotajwa kwenye kijitabu, na kwamba mpira wa mlango unashika: funga mlango juu ya karatasi, ukiivuta ikatoka bila kukaza, mpira haushiki mahali hapo.

Swali: Fundi wa mtaani alifungua mfuniko wa microwave kabla sijakumbuka waranti. Kibandiko kimechanika. Nifanyeje?

Jibu: Usidanganye. Skrubu zilizokwaruzwa zinaonekana, na uongo mmoja utaua hata sehemu halali ya dai lako.

Mpe fundi huyo kalamu aandike alifungua nini, aligusa nini, alibadilisha nini, na akupe kipuri chochote alichokitoa. Hoja yako ni kwamba kufungua mfuniko hakukusababisha hitilafu iliyokuwepo tayari. Nchi nyingine zinaikubali. Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri au mafundi wake pekee, isipokuwa anavitoa bure, na mwaka 2018 tume yake ya biashara ilizionya kampuni sita kuhusu maneno ya namna ya "kibandiko kikichanika waranti imekufa". Kwingine, masharti ya kadi ndiyo yanayotawala, na utakuwa unaomba hisani.

Na microwave isifunguliwe tena na asiyeijua. Kapasita yake hubeba maelfu ya volti na inaweza kuua hata waya ukiwa umechomolewa.

Swali: Risiti imefutika yote, imebaki karatasi nyeupe. Duka linasema bila risiti hakuna waranti.

Jibu: Risiti za mashine ndogo huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye kemikali; joto, mwanga na hata mifuko ya plastiki huzifuta. Tafuta uthibitisho mwingine wa malipo: taarifa ya benki, ujumbe wa malipo ya simu, ankara, karatasi ya kupokelea mzigo. Duka lina nakala kwenye mfumo wake, kwa hiyo waombe wachapishe upya kwa tarehe na kiasi. Namba ya mfululizo pia mara nyingi hubeba mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na baadhi ya watengenezaji huhesabu waranti kutoka hapo mteja anapokosa risiti. Kwa ununuzi ujao, piga picha risiti na kibandiko cha namba ya mfululizo siku hiyohiyo, na ulinganishe namba hiyo na iliyoandikwa kwenye kadi kabla hujatoka dukani. Tarakimu moja ikitofautiana, utalisikia hilo siku ya kudai.

Swali: Runinga imetokea mstari wima wa kijani. Wanasema imegongwa.

Jibu: Zima runinga na uimulike kwa tochi ukiwa pembeni. Kioo kilichogongwa kina kitovu: mahali nyufa au doa jeusi linapoanzia na kusambaa. Mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini, bila kitovu, kwa kawaida unatokana na utepe unaounganisha panelo na bodi yake kuachia, na hiyo ni kasoro. Piga picha mbili, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote kuisafirisha. Runinga ikibebwa imelazwa inaweza kupasuka njiani, na hapo hutakuwa na namna ya kuthibitisha ilivyoondoka nyumbani.

Swali: Mashine imetengenezwa mara tatu kwa tatizo lilelile. Sasa iko kwao wiki ya sita na waranti inaisha mwezi ujao. Nimelipa kwa kadi ya benki.

Jibu: Dai linahesabiwa kuanzia siku ulipolitoa, hata ukarabati ukivuka mwisho wa waranti, mradi una karatasi. Kusanya karatasi za kazi za mara zote tatu. Kila moja iwe na tarehe ya kuingia na kutoka, tatizo kwa maneno yako, na kipuri kilichobadilishwa. Kama waliandika "imekaguliwa, iko sawa", rudisha na uombe waandike ulichoripoti. Uliza pia kama kadi yenu inaongeza muda kwa siku ambazo kifaa kilikuwa karakana. Nyingine zinaongeza, na hakuna atakayekuambia bila kuulizwa.

Kipuri kilekile kikibadilishwa mara tatu, chanzo kiko kwingine na wanatibu dalili. Pampu inayoungua kila miezi miwili, kwa mfano, huenda inaendeshwa na bodi isiyoizima. Liseme hilo kwenye barua, kisha uache kuomba ukarabati na uombe kubadilishiwa kifaa au kurudishiwa fedha. Maneno hayo yaandikwe waziwazi, kwa sababu usipoyaandika watafungua karatasi ya nne ya kazi.

Kwa kuwa ulilipa kwa kadi, piga simu benki leo na uulize kuhusu kupinga malipo ya bidhaa yenye kasoro. Dirisha lake mara nyingi ni siku 120 tangu malipo au kukabidhiwa bidhaa, kwa hiyo kama mashine ni ya zamani kuliko hapo huenda limefungwa. Wakikubali kulipokea, watataka risiti, barua uliyoandikia duka na jibu la duka au uthibitisho kwamba halikujibu. Mashine ikirudi kabla benki haijaamua, usisaini karatasi yenye maneno "nimeridhika" mpaka imemaliza mzunguko mzima wa kufua na kukamua mbele yako. Ukilazimishwa kusaini, andika juu ya saini: "haijajaribiwa".